Lori la mafuta likianguka, yowe liseme "rudini nyuma"

Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria ikiwa karibu kabisa kutua Bukoba, waliotangulia kufika hawakuwa na sare wala king'ora. Walikuwa wavuvi. Walipiga makasia hadi kwenye ndege, wakasaidia kufungua mlango wa nyuma, wakaanza kuwatoa watu. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walipona na 19 wakafariki dunia. Miaka sita kabla ya hapo, Septemba 10, 2016, tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba Bukoba, Missenyi na vijiji vya jirani, majirani ndio waliowafukua majirani zao kwa mikono na majembe.

Ndivyo ulivyo mkoa wetu wa Kagera. Yowe likipigwa hakuna anayeuliza limepigwa na nani. Aliye shambani anatupa jembe, aliye dukani anaacha mizani, mtoto aliyetumwa maji anatua ndoo njiani, na wote wanakimbilia kunakotoka sauti. Desturi hiyo imeokoa roho nyingi, nami siandiki kuibeza. Naandika kwa sababu lipo janga moja ambalo desturi hiyohiyo huwaua wanaoifuata, na janga hilo linapita katika barabara yetu kila siku likiwa limejazwa kwenye tangi.

Barabara yenyewe ni ile itokayo Lusahunga na Biharamulo, ikapita Kyamyorwa, Muleba, Muhutwe na Kemondo mpaka Bukoba, kisha ikaelekea Kyaka na Mutukula. Sehemu kubwa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa yanayouzwa kwenye sheli za mkoa huu hupita humo. Lori moja hubeba lita 30,000 na kuzidi. Kando ya barabara hiyo kuna senta, magulio, vijiwe vya bodaboda, mama ntilie na majiko yao ya mkaa, na shule. Kutoka mjini Bukoba hadi Muleba mjini ni kama kilomita 70, na wilaya yenyewe inaendelea mbali zaidi kuelekea kusini. Gari la zimamoto likitoka Bukoba likiwa na dereva hodari na barabara kavu, bado watakaosimama mbele ya lori lililopinduka kwa muda wote wa mwanzo ni wanakijiji. Kwa hiyo swali la nani atawahi kufika limeshajibiwa. Lililobaki ni kama huyo atakayefika anajua la kufanya.

Morogoro, Sange, Kyambura

Watanzania hatuhitaji kuhadithiwa sana. Jumamosi ya Agosti 10, 2019, asubuhi, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, si mbali na kituo kikuu cha mabasi. Petroli ikamwagika. Watu wakaja na madumu, ndoo na chupa. Wengine hawakuja kuchota, walisimama kutazama. Wengine ni madereva wa bodaboda waliokuwa wakipita na abiria. Taarifa za siku zile zilimtaja mtu aliyejaribu kuchomoa betri ya lori. Moto ulipolipuka haukubagua aliyechota na aliyetazama. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo, lakini vifo havikuisha ndani ya siku tatu. Majeruhi waliopelekwa Muhimbili waliendelea kufariki mmoja baada ya mwingine, hata idadi ya waliokufa ikapita watu 100.

Kenya walikuwa wameshayaona hayo Sachangwan, karibu na Molo, Januari 31, 2009. Huko nako walikufa zaidi ya watu 110. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika kijiji cha Sange, Kivu Kusini, Julai 2, 2010, lori lilipinduka, watu wakachota, moto ukawaka, na zaidi ya 230 wakapoteza maisha. Kinachoniumiza zaidi kuhusu Sange ni kwamba baadhi ya waliokufa hawakugusa hata tone. Walikuwa wamejibana ndani ya vibanda wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Na siku nane tu baada ya Morogoro, Agosti 18, 2019, wakati bado tunazika, lori jingine lilipoteza breki likavamia senta ya Kyambura, wilayani Rubirizi, magharibi mwa Uganda, likagonga magari, likawaka. Rubirizi si mbali na sisi. Vilima vyake ni kama vyetu, na senta zake zimejengwa ukingoni mwa lami kama zetu.

Baada ya kila ajali, maneno ni yaleyale: tamaa, ujinga, wizi. Nayakataa. Dumu la lita 20 la petroli ni pesa ambayo kibarua wa shamba la kahawa haishiki kwa siku kadhaa za kuinama. Mtu aliyelelewa kuamini kwamba kilichomwagika ni halali ya aliyeokota hawezi kugeuzwa na matusi ya redioni siku tatu baada ya maziko. Anaweza kugeuzwa na maarifa, tena yakimfikia mapema, kabla lori halijaanguka kijijini kwake.

Kinachowaka hakionekani

Maarifa yenyewe si magumu. Petroli yenyewe, ule umajimaji, haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa jua la Muleba saa saba mchana, tangi lililopasuka hutoa mvuke mfululizo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai juu ukapotea. Unashuka. Hufuata mteremko kama maji ya mvua, ukaingia mtaroni, ukapita chini ya migomba, ukatulia bondeni kwenye chemchemi ambako wanawake wanachota maji, wala hakuna anayeuona.

Nchi ya Wahaya imejengwa juu ya migongo ya vilima, na barabara kuu mara nyingi hupita juu ya makazi. Lori likianguka juu, jiko la mama ntilie lililoko mita nyingi chini ndilo linaloweza kuwasha. Moto hurudi nyuma kwa kuufuata mvuke hadi kwenye tangi kwa kasi ambayo hakuna mguu unaoishinda. Ndiyo maana mtu anaweza kuungua akiwa mbali na mafuta, tena akiwa hajavuta sigara wala kuwasha kiberiti. Plagi ya pikipiki inatosha. Swichi ya taa inatosha. Chuma kikigongana na chuma, inatosha. Hata nguo ya nailoni ikisuguana na ndoo ya plastiki huweza kutoa cheche.

Mafuta hayafanani. Dizeli haitoi mvuke wa hatari mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50, mafuta ya taa ni kuanzia kama nyuzi 38. Spiriti, yaani ethanoli, hutoa mvuke huo kwenye nyuzi 13 tu, na ina ubaya wake: mchana mwali wake karibu hauonekani, mtu huweza kuukanyaga kabla hajajua kuna moto. Jambo hili linawahusu pia wanaopika gongo ya ndizi nyuma ya nyumba huku mkoani. Sheria inaikataza tangu miaka ya 1960 na bado inapikwa. Tone la mwanzo linalotoka kwenye mrija ndilo kali kuliko yote, nalo hudondoka hatua chache tu kutoka kwenye kuni zinazowaka.

Mtu asijidanganye kwamba lori la dizeli ni salama, kwa kuwa tangi moja huwa na vyumba, na chumba hiki kikiwa na dizeli cha pili huweza kuwa na petroli. Afadhali atazame kibao. Malori mengi yana alama nyekundu ya umbo la almasi yenye mchoro wa mwali, na kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili. Namba 33 juu ina maana ya kimiminika kinachowaka kwa urahisi mno. 1203 chini ni petroli. Dizeli ni 1202, mafuta ya taa ni 1223, spiriti ni 1170. Anayepiga simu zimamoto akaweza kutaja namba hiyo, baada ya kuisoma kwa mbali, amewapa wazimamoto kitu ambacho wangetumia dakika nyingi kukitafuta wenyewe.

Dakika za mwanzo

Katika ajali nyingi za aina hii kuna muda kati ya kupinduka na kulipuka. Morogoro ulikuwepo, Sange ulikuwepo. Muda huo ndio uhai wa kijiji, na Kagera inatakiwa kuutumia kurudi nyuma.

Kitabu cha mwongozo wanachokitumia waokoaji wa Marekani, Kanada na Meksiko kinatoa vipimo vilivyo wazi. Mafuta yakimwagika, watu wakae mita 50 angalau kila upande. Yakiwa mengi, kama ya lori zima, watu walioko kunakoelekea upepo waondolewe kwa mita 300. Tangi likishashika moto, watu wote wasogezwe mita 800 pande zote. Uwanja wa mpira una urefu wa karibu mita 100, kwa hiyo mita 800 ni viwanja vinane, na huo ni umbali ambao hakuna kundi la watazamaji nililowahi kuliona likisimama. Tumezoea kusimama pale tunapoona vizuri. Ukiona vizuri, uko karibu mno.

Upepo nao una kanuni yake. Mchana kando ya Ziwa Victoria kwa kawaida huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Lakini vilima huupotosha, hivyo usitegemee saa, tazama majani ya migomba. Yanakoinamia ndiko mvuke unakokwenda. Wewe nenda upande wa pili, tena upande wa juu.

Mwenye bodaboda aliyeko karibu azime injini na kuikokota pikipiki, asiiwashe tena mpaka awe mbali. Simu ipigwe kutoka mbali. Majiko yaliyoko chini ya mteremko yazimwe kama mvuke haujafika. Kama harufu ya petroli imeshafika jikoni, jiko liachwe lilivyo na watu watoke. Magari yasimamishwe pande zote mbili mbali na eneo, kwa sababu dereva wa basi aliyechoka kusubiri na kuamua kupenya ndiye huja kuwasha. Kazi ya kusimamisha magari haihitaji elimu ya kemia, inahitaji vijana wanne wenye matawi ya miti na mwenyekiti wa kitongoji mwenye sauti.

Na yowe? Lipigwe. Lakini lipigwe likiwa na maneno ndani yake. Yowe tulilozoea linaita. Hili lifukuze: "Petroli! Rudini nyuma!" Wafundishwe hivyo watoto wa shule za msingi za Kasharunga, Izigo na Katerero, waimbe mstarini mpaka liwatoke bila kufikiri, maana katika hofu mtu hutoa kile alichokizoea.

Swali linalomkera kila mwenye utu ni dereva aliyebanwa. Anaita, na wewe unamsikia. Nitasema ninavyoamini. Ikiwa hakuna moto, na unaweza kumfikia kutoka upande unakotoka upepo bila kukanyaga mafuta wala kupita kwenye harufu kali, watu wawili waende, wasiwe kumi, simu zikiwa zimebaki nyuma, wamfungue mkanda na kumtoa kwa mikono. Ikiwa kumtoa kunahitaji nyundo, grinda au gesi ya kukatia vyuma, wasiguse. Wasubiri povu la zimamoto lifunike mafuta kwanza. Ni uamuzi mchungu, na mkoa huu una kumbukumbu inayoufanya uwe mchungu zaidi. Mei 21, 1996, MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na Kemondo, ilipinduka karibu na Mwanza. Ilielea kifudifudi, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Waokoaji, kwa nia njema kabisa, wakatoboa bodi ya meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, meli ikazama na waliokuwamo. Mamia ya familia za Kagera ziliachwa na msiba, na nyingine hazikupata hata mwili wa kuzika. Waliotoboa hawakukosa ujasiri wala huruma.

Moto mdogo, na visiwa vinavyosahaulika

Mengi ya niliyoandika yanahusu lami. Lakini ukiniuliza wapi moto wa mafuta unaweza kutokea wiki hii bila mtu wa Dodoma kusikia, nitakuonyesha ziwani. Wilaya ya Muleba ina visiwa vyenye watu, Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe na Mazinga vikiwemo, na maisha ya huko huendeshwa na petroli ya injini za mitumbwi. Petroli hiyo haifiki kwa lori. Inafika kwa madumu, ndani ya mtumbwi huohuo uliobeba abiria, magunia ya unga na watoto.

Simama mwaloni jioni, wavuvi wanapojiandaa kutoka. Kijana ameinama juu ya dumu la lita 20, anaingiza mpira, ananyonya kwa mdomo mpaka mafuta yanapanda, anatema, anauelekeza mpira kwenye tangi la injini. Hatua chache nyuma yake mtu anakaanga samaki. Petroli kidogo imemwagika chini ya mtumbwi na kuchanganyika na maji yaliyovuja, inaelea juu ya maji hayo, haionekani kwa giza. Mtumbwi unasukumwa, kamba ya injini inavutwa. Nyumba za kambi zimebanana, za mabati, mbao na maturubai, na dumu la akiba liko chini ya kitanda.

Kwenye moto wa namna hiyo watu hukimbilia ndoo ya maji, kwa kuwa maji ndiyo yaliyo tele. Ni kosa. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hupanda juu yake ikiwa bado inawaka na kusambaa kwenda nyumba ya pili. Moto mdogo wa mafuta huzimwa kwa kuunyima hewa: mchanga mkavu, blanketi zito lililolowekwa na kukamuliwa, kifuniko cha sufuria kwa jiko la mafuta ya taa, au mtungi wa kuzimia moto wa unga. Mchanga upo bure kila mwalo. Ndoo sita za mchanga zikiwekwa pale mafuta yanapouzwa, na mafuta yenyewe yakahamishwa kutoka chini ya vitanda kwenda kwenye kibanda chenye hewa mbali na nyumba, kambi itakuwa imepiga hatua ambayo haihitaji mfadhili. Vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU), ambavyo tayari vinasimamia nyavu na mwalo, vina uwezo wa kuliamuru hilo kesho asubuhi.

Na ule unyonyaji wa mpira kwa mdomo ukome. Petroli ikiteleza kwenda mapafuni inaua bila mwali. Aliyemeza asitapishwe na asinyweshwe maziwa, kama wengi wetu tulivyofundishwa. Akitapika, mafuta hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Akae wima, apelekwe hospitali.

Aliyeungua naye ana haki ya kusaidiwa kwa maarifa. Mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, mvue pete, saa na mkanda kabla hajavimba, nguo iliyonata kwenye ngozi iache, mfunike kwa kitambaa safi. Samli, yai, dawa ya meno, unga wa ngano, vyote visiguse kidonda. Aliyelowa petroli bila kuungua avuliwe nguo zote, tena mbali na moto, aoshwe kwa maji mengi na sabuni. Tunazo hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage, tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, lakini majeraha makubwa ya moto safari yake huishia Bugando, Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwakuta wagonjwa wakiwa karibu kufika Mwanza. Hata hivyo kutoka Goziba hadi Bugando bado ni maji na barabara ndefu, na anayeamua kama mgonjwa atafika ni yule aliyemmwagia maji dakika za mwanzo.

Mto Kanoni hausubiri

Bukoba ni mmoja wa miji yenye mvua nyingi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mafuta yakimwagika mjini wakati wa masika, mtaro utayafikisha Mto Kanoni na Kanoni utayafikisha ziwani kabla watu hawajamaliza kupiga picha. Ziwa hilo ndilo linalotupa maji ya bomba, sato na dagaa. Petroli juu ya maji huvukiza kwa saa kadhaa, jambo linaloifanya iwe hatari ya moto hata juu ya maji. Dizeli hukaa muda mrefu, hupaka matete na kuingia kwenye mazalia ya samaki ya pwani.

Dawa yake ni kuziba mtaro kwa udongo au viroba vya mchanga mbali mbele ya mafuta, mahali ambapo harufu haijafika, halafu kuyafunika yaliyokwama kwa udongo mkavu. Nimesikia watu wakipendekeza makapi ya kahawa, kwa kuwa yamejaa kwetu na yanafyonza. Kwa petroli hayafai, kwa sababu nayo yanawaka na utakuwa umeutengenezea moto utambi. Sabuni ya unga isimwagwe ziwani kwa matumaini ya kuyasafisha mafuta. Huyazamisha tu na kuwaongezea samaki sumu. Udongo uliolowa mafuta usitupwe bondeni wala kupelekwa shambani. Kazi ya kuuondoa isimamiwe na baraza la mazingira, NEMC, na wataalamu wa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Upo pia mradi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, wenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake ziko Tanzania. Bomba hilo linaingia nchini kupitia Missenyi na kukatiza Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo. Mafuta yenyewe ni mazito, yana nta, na bomba linapashwa joto ili yatiririke. Limefukiwa na lina mitambo ya ulinzi ambayo lori halina, na siamini kwamba hatari yake kwa mwanakijiji ni sawa na ile ya lori lililopoteza breki. Lakini vijiji vinavyopakana nalo vina haki ya kuelezwa kwa lugha wanayoielewa: harufu gani iwashtue, wampigie nani, na trekta lisilime wapi.

Kinachodaiwa

Sheria hatuna upungufu nazo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007. EWURA inasimamia mafuta, na Mkemia Mkuu anasimamia kemikali za viwandani na majumbani kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa mpaka kijiji na mtaa. Kwenye karatasi, kila kijiji kando ya barabara ya Muleba kina kamati inayopaswa kujua la kufanya lori likianguka saa nane usiku.

Basi wakuu wa wilaya za Muleba na Bukoba wazikusanye kamati hizo kata kwa kata, pamoja na viongozi wa bodaboda, wenye sheli, walimu wakuu na BMU, wazimamoto waje na povu na mitungi, wawashe moto halisi uwanjani, watu waone petroli inavyofanya. Senta kubwa kama Kyamyorwa na Muhutwe ziwekewe akiba ya povu, mchanga na koleo, na ajulikane kwa jina nani anashika ufunguo. Kampuni za usafirishaji zinazopata faida kwa kupita katika vijiji hivi zichangie gharama yake, kwa sababu hatari ni mali yao kabla haijawa msiba wetu. Na askari wafike kulinda watu kabla ya kulinda mafuta. Aliyekimbizwa kwa virungu hurudi kwa njia ya migombani, aliyeelezwa hubaki mbali.

Tunasema ajali haina kinga. Lori kupinduka kunaweza kusiwe na kinga. Moto unaofuata unayo, na kinga yenyewe ni umbali kati ya watu na tangi.

Namba ya zimamoto ni 114, na kuipiga ni bure. Ndugu msomaji wa Muleba, wa Bukoba, wa visiwani, iandike leo kwenye mlango wa duka lako, kwenye mtumbwi wako, kwenye ubao wa kijiwe chako cha bodaboda. Siku utakapoipiga, taja mahali, taja namba iliyo kwenye kibao cha lori, sema kama kuna moto au hakuna, na uwe umeshawarudisha watu nyuma.